Maswali ya wasomaji: Nani anawadhibiti wavuvi wa ngisi bahari kuu?

SWALI: Picha za setilaiti huonyesha mamia ya meli zenye taa kali zikivua ngisi nje kidogo ya maji ya Argentina. Kwa nini zisipangiwe tani tu, yaishe?

JIBU: Tani peke yake haziwezi, ndugu msomaji, na sababu ni ngisi mwenyewe. Huyu wa Argentina huishi mwaka mmoja hivi, huzaa mara moja, kisha hufa. Hakuna wakubwa wanaobaki kuziba pengo msimu ukiharibika, na wanaozaliwa hutegemea sana joto la maji na mikondo. Kiwango kilichopangwa mwaka jana huweza kuwa kikubwa kupita kiasi mwaka huu.

Kinachofaa ni kukadiria upya wakati uvuvi unaendelea. Visiwa vya Falkland hufanya hivyo kwa ngisi wao mdogo, Doryteuthis gahi: meli hutoa taarifa kila siku, wataalamu hufuatilia jinsi mavuno yanavyopungua, na makadirio yakionyesha waliobaki wanakaribia kushuka chini ya tani 10,000, uvuvi hufungwa, hata kama tarehe ya mwisho haijafika.

Ng'ambo ya maili 200 za baharini kutoka pwani, mamlaka ya nchi ya pwani yanapokoma, hakuna wa kutoa amri hiyo. Sehemu ile ya Atlantiki haina shirika la kikanda la kusimamia ngisi, hivyo kila meli hufuata sheria za nchi ya bendera yake, yaani iliyoisajili. Tangu 2020 China huzuia meli zake kuvua katika sehemu ya eneo hilo kuanzia Julai hadi Septemba. Ni hatua, lakini uvuvi hupamba moto kati ya Januari na Mei. Kufunga baada ya hapo hakuokoi wengi.

SWALI: Pasifiki Kusini kuna shirika la kikanda la kusimamia uvuvi, SPRFMO. Huko hali ni nzuri?

JIBU: Ni afadhali, ila bado kuna mwanya. Kanuni yake ya 2020 kuhusu ngisi mkubwa ilitaka kila nchi iweke waangalizi melini katika asilimia 5 ya uvuvi, au waangalizi 5 wa muda wote. Kwa nchi yenye meli mamia, watu 5 hawaoni kitu.

SWALI: Meli ikizima kifaa cha kutangaza ilipo, itakamatwaje?

JIBU: Taa zake huisaliti. Taa huwavuta ngisi, nao hujikusanya kwenye kivuli chini ya meli na kuchomoka kufuata chambo bandia pale mwanga unapoanzia. Bila taa, mishipi hurudi mitupu. Setilaiti huona mwanga huo usiku, na mwanga usio na mawimbi ya utambulisho ni wa kutiliwa shaka. Hautaji jina la meli, hivyo ushahidi hukamilishwa bandarini. Mkataba wa 2009 wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unaotumika tangu 2016, huruhusu bandari kuizuia meli ya kigeni inayoshukiwa kuvua kinyume cha sheria kuingia au kushusha shehena. Wakaguzi walinganishe daftari la uvuvi, njia ambayo meli ilipita, na uzito ulioko kwenye majokofu. Meli ya kubebea shehena ikikusanya ngisi wa meli kadhaa huko huko baharini, ulinganisho huo huvurugika, ndiyo maana kila shehena inapohamishwa inafaa ipimwe na kuandikwa jina la meli iliyovua mbele ya mwangalizi.