Maswali ya Wasomaji: Mpichesi wa Flordaprince

SWALI: Ndugu Mhariri, mpichesi wangu aina ya Redhaven una miaka minne, majani tele, maua ya kuhesabika. Jirani yangu anavuna Flordaprince kila mwaka. Je, niongeze mbolea?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Usiongeze. Naitrojeni itazidisha majani tu. Mti wako unakosa baridi. Redhaven, iliyotolewa Michigan, Marekani, mwaka 1940, huhitaji saa zipatazo 800 hadi 950 za baridi chini ya nyuzi 7 za Selsiasi ndipo macho yake (vifundo vinavyochipua maua na majani) yaamke, na Lushoto haina baridi hiyo. Flordaprince ya Chuo Kikuu cha Florida hutosheka na saa 150 hivi. Hata hiyo isaidie: mwezi Julai punguza maji, pukutisha majani yote kwa mkono, kisha mwagilia tena.

Usiung'oe mti ulionao. Kata matawi makuu, acha machipukizi yafikie unene wa penseli, kisha bebesha (pandikiza) macho ya Flordaprince wakati gome linaachia kirahisi. Hauhitaji mti mwenzake wa kuuchavusha.

SWALI: Flordaprince yangu imejaa matunda, lakini madogo kama ndimu. Kasoro ni nini?

JIBU: Umeyaacha mengi mno. Aina hii hubeba kupita uwezo wake, nayo hukomaa mapema, siku 80 hivi tangu kuchanua, hivyo kuchelewa kupunguza ni hasara. Kata tunda changa katikati: kisu kikipita kwenye kokwa bila kugoma, bado una muda. Bakiza tunda moja kila sentimita 15 hadi 20 za tawi, ukianza kutoa yaliyobanana na yenye kovu. Inauma kuyaona chini, lakini ndiyo kazi inayolipa kuliko zote.

Pogolea pia kila mwaka. Mpichesi huzaa kwenye vitawi vilivyoota msimu uliopita. Kitawi kilichokwisha kuzaa hakizai tena mahali palepale. Acha matawi makuu matatu au manne, katikati pawe wazi jua liingie.

SWALI: Majani yanavimba, yanajikunja na kuwa mekundu. Nipulize dawa gani?

JIBU: Huo ni ukungu, na kwa msimu huu umeshachelewa. Okota majani yaliyougua uyachome. Dawa yenye kopa (shaba) hupulizwa majani yakishapukutika na mara nyingine kabla macho hayajafumuka. Ukiipuliza kwenye majani mabichi, itayaunguza.