Zuio la muda kwenye mgogoro wa mikorosho: maombi yanakwama wapi

Korosho zikianza kudondoka, mwenye mgogoro wa shamba hukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mwenzake asifanye jambo fulani shambani hadi shauri liishe. Kiaponi anaandika kwamba mjibu maombi anaokota korosho zake, hivyo atapata hasara isiyofidika. Hapo ndipo maombi mengi hufia. Korosho zina bei: zinapimwa kwa kilo, zinapita AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), zinauzwa mnadani na stakabadhi zinabaki. Hasara inayohesabika kwa shilingi inafidika, na zuio halikuwekwa kwa ajili yake.

Vigezo vinavyotumika nchini Tanzania ni vya shauri la Attilio dhidi ya Mbowe la mwaka 1969. Kwanza, kuwe na hoja ya msingi ya kuamuliwa, yenye dalili kwamba mwombaji anaweza kushinda. Pili, bila zuio atapata madhara ambayo fedha haiwezi kuyaponya. Tatu, atakayeumia zaidi zuio likikataliwa awe yeye kuliko mwenzake. Vyote vitatu vitimie, viwili havitoshi.

Kwa hiyo kiapo kieleze kisichorudishika. Mkorosho mchanga huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo miti mikubwa ikikatwa, hukumu nzuri haiirudishi shambani. Makaburi ya wazee yaliyomo shambani, shamba kuuzwa kwa mtu wa tatu, au ujenzi unaoendelea ni hoja zenye uzito. Taja idadi ya miti, iliyokwisha kukatwa na tarehe yake, ambatisha picha. Na kwa mavuno, usiombe yazuiwe. Omba yauzwe kama kawaida, hesabu zitunzwe na fedha zishikiliwe hadi shauri liishe. Amri ya XXXVII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu masharti ya kutunza hesabu na kuweka dhamana, na ombi la namna hii mwenyekiti wa baraza hulikubali kwa wepesi kwa sababu halimuumizi yeyote.

Muda ndio unaowaponza wakulima. Mgogoro wa ardhi unapita kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, kata haiamui tena. Inasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kwenda wilayani. Anayeanza Oktoba atafika wilayani mavuno yako ghalani. Anza mapema, wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, kabla ya mavuno. Isitoshe, zuio ni tunda la sheria ya usawa (equity, kanuni za haki na uungwana), nayo haimsaidii aliyelala juu ya haki yake: ukimwona mtu analima miezi minane ukanyamaza, utaulizwa dharura imetoka wapi.

Zuio halisimami peke yake. Fungua shauri la msingi, kisha maombi yake yakiwa na hati ya kiapo. Kiapo kibebe mambo unayoyajua, si hoja za kisheria wala maombi. Ulichoambiwa, taja aliyekuambia. Angalia mahali na tarehe ya kuapa na jina la aliyeshuhudia. Pengo dogo hapo limeangusha maombi yenye haki kabisa. Shamba lisilopimwa lielezwe kwa kijiji, kitongoji, ukubwa na majirani wa pande zote nne, la sivyo amri haitekelezeki.

Ukiomba usikilizwe wewe peke yako kwa dharura, bila mwenzako kuwapo, sema na yanayokuumiza. Ukificha kwamba uliwahi kupokea sehemu ya bei, zuio litafutwa, na mikono yako haitaonekana safi tena kwenye shauri lenyewe.

Mgogoro ukiwa na halmashauri ya kijiji, njia ni nyingine. Sheria inadai notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Ndani ya siku hizo 90 shauri haliwezi kufunguliwa, basi huombwa amri ya Mareva, yaani zuio linaloombwa kabla shauri halijafunguliwa, hapa kwetu Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Tafuta wakili, hili si la kujaribu peke yako.

Zuio likitoka, lina ukomo: lisizidi miezi sita. Linaweza kuongezwa, lakini jumla isipite mwaka mmoja, na lazima uonyeshe kwamba umelisukuma shauri kwa bidii. Peleka ombi la nyongeza kabla halijaisha. Likiisha kimyakimya, mwenye panga akiingia shambani siku inayofuata hajavunja amri yoyote.