Gemu za Kuzungusha Zataka Kuzungushwa: Spina Yangu ya Deki Mbovu

Juzi usiku nimeimaliza Arkanoid. Raundi zote 33, na ule uso mkubwa wa DOH mwishoni nimeuvunja. Furaha yake siifichi, maana mchezo huu wa kampuni ya Taito wa mwaka 1986, wa kusogeza chombo chini ya skrini kuurudisha mpira unaovunja matofali, umenisumbua miaka mingi. Nilipowapa jamaa habari hiyo, kijana mmoja wa Wete akaniletea ujumbe: "Kaka, mie nachezea pedi nzuri tu, tena ya bei, lakini raundi ya tatu sivuki. Mkono wangu mzito au vipi?"

Mkono wako hauna tatizo, mdogo wangu. Tatizo ni hiyo pedi ya vitufe.

Gemu za aina hii, tangu Pong ya Atari ya 1972 na Breakout ya 1976, zilitengenezwa zichezwe kwa kifundo cha kuzungusha. Ukizicheza kwa vitufe kwenye emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine za gemu za zamani, kama hii MAME, inakisogeza chombo chako kwa mwendo mmoja tu uliopangwa. Ukiuongeza mwendo huo, unaupitiliza mpira. Ukiupunguza, hufiki. Kifundo hakina mwendo wa kupangiwa: mkono ukienda pole chombo kinakwenda pole, ukiukata ghafla kimeshafika ukutani. Kucheza Arkanoid kwa vitufe ni sawa na kucheza keram umevaa glovu.

Vifundo vyenyewe viko vya namna mbili, na wengi wanavichanganya. Padeli, kama za Atari 2600, ile mashine ya gemu ya nyumbani, zina kizuizi ndani, zinazunguka kisha zinagota, na zinaieleza mashine kifundo kipo wapi. Namna ya pili, spina, haigoti. Inazunguka bila mwisho, nayo inaeleza kitu kimoja tu: imesogea kiasi gani na upande gani. Tempest ya 1981 na Arkanoid ya kwenye makabati, zile mashine kubwa za sarafu, ni za spina. Uzuri wake ni kwamba kwa kompyuta spina ni mausi inayokwenda kulia na kushoto tu, na kwa hiyo hata gemu za padeli utazicheza nayo, kwani emuleta yenyewe inakumbuka chombo kilipo.

Spina za kiwandani zinauzwa Ulaya na Marekani. Kuifikisha Unguja, ukihesabu usafirishaji na ushuru, ni pesa ya kulisha nyumba. Mimi niliamua kutengeneza. Nilikuwa na deki ya VHS iliyokufa zamani, ya marehemu baba, na ndani ya deki kuna hedi, ile ngoma ya duara inayong'aa, kipenyo chake milimita 62. Kwenye deki za huku ngoma hiyo ilikuwa ikizunguka mara 1500 kwa dakika, kwa hiyo beringi zake ni za hali ya juu. Ukiisukuma kwa kidole inaendelea kuzunguka yenyewe, kimya, na uzito wake unausikia mkononi.

Niliipeleka kwa fundi mmoja hapo mjini anifungulie. Sitamtaja. Aliniuliza ya nini, nikamweleza, akageuka kwa wateja waliokaa kwenye benchi akasema, "Mtu mzima na ndevu zake, anataka gemu." Wakacheka wote. Nilibeba deki yangu nikarudi nyumbani, na mpaka leo nikipita njia ile kifua kinanibana. Lakini usiku ule ule niliifungua mwenyewe kwa bisibisi.

Kazi yenyewe si kubwa. Nilivua mota ili ngoma izunguke huru, nikaifunga kwenye kisanduku cha mbao, kisha nikaweka mausi ya kawaida ya taa nyekundu, jicho lake likitazama ubavu wa ngoma kwa karibu sana bila kugusana. Ule mng'aro unalichanganya jicho la mausi, basi zungushia ukanda wa karatasi isiyong'aa, uibane vizuri isifanye mkunjo. Kabla ya kufungua gemu yoyote, zungusha ngoma utazame mshale kwenye skrini. Unatakiwa uende kulia na kushoto. Ukipanda juu na chini, igeuze mausi robo duara. Kwa kufyatulia, nililehemu nyaya mbili kwenye kitufe cha kushoto cha mausi nikazipeleka kwenye kitufe cha kengele ya mlango. Arkanoid haihitaji zaidi ya hapo.

Sasa hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Ukiwasha, chombo kinaruka kama kimepagawa. Usivunje kitu. Mzingo wa ngoma ni kama milimita 195, na mausi ya DPI 800, yaani hatua 800 kwa kila inchi, inahesabu hatua zaidi ya 6000 kwa mzunguko mmoja. Gemu haikuandaliwa kupokea mafuriko hayo. Kwenye faili la mame.ini hakikisha mausi imeruhusiwa, yaani mstari wa mouse usome 1. Kisha ndani ya gemu bonyeza Tab, nenda kwenye marekebisho ya vidhibiti vya analogi, na ushushe usikivu kidogo kidogo. Kipimo changu ni hiki: mgeuko mdogo wa kifundo cha mkono unifikishe kutoka ukuta hadi ukuta bila kuachia ngoma. Kila gemu ina kipimo chake, rekebisha moja moja. Chombo kikienda kinyume, sehemu ya kugeuza upande ipo hapo hapo.

Na jamani, tuacheni kuona haya. Mtu akikaa barazani na bao mpaka alasiri hakuna anayemuuliza umri. Aliyefungua deki, akajua beringi ni nini, akalehemu waya, akaelewa jicho la mausi linahesabu vipi, huyo amesoma, hata kama skuli hakumaliza. Wafundisheni wadogo zenu. Msiwape simu tu wakafa nazo vidole. Na msingoje fundi awape ruhusa ya kufungua kitu ambacho ni chenu.

Mimi sasa naiandama Warlords, ya Atari, 1980, ambayo wanacheza hadi watu wanne. Kwa MAME ya Windows inawezekana: unaweka multimouse iwe 1, na kila mausi inasomwa peke yake, kwa hiyo kila mtu anakuwa na spina yake. Mausi ninazo za kutosha. Ngoma ninayo moja. Mwenye deki mbovu uvunguni, iwe Unguja au Pemba, asiiuze kwa wa vyuma chakavu, aniandikie kwanza.