Maji ya tangi la samaki yakiharibika, usiyamwage yote

Wewe uliyenunua tangi juzi, na leo maji yamegeuka meupe kama yaliyooshea mchele, subiri kidogo kabla hujashika ndoo. Samaki wengi wa majumbani huku kwetu Mbeya hawauawi na ule weupe. Wanauawa na usafi wa pupa. Mtu anawatoa samaki, anamwaga maji yote, anasugua changarawe kwa sabuni, anasuuza sponji ya chujio bombani mpaka inatakata, kisha anajaza maji ya baridi na kuwarudisha. Tangi linang'aa. Siku chache baadaye samaki wanaanza kufa mmoja mmoja, na mwenyewe haelewi kwa nini, maana maji ni masafi kabisa.

Samaki anatoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza amonia hiyohiyo. Haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kuwa maangavu na yakawa sumu. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi juu ya sponji, changarawe na kioo. Kundi moja linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu inaizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia isipozidi. Ukisuuza sponji kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua bakteria hao, na tangi linarudi kuwa kama la siku ya kwanza, ila sasa limejaa samaki.

Kwenye maji ya nyuzi 25 hivi, bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kujijenga. Maji yakipoa wanazaliana polepole zaidi. Kwa hiyo kama uko Uyole mwezi wa saba na tangi halina hita, usifuate ratiba uliyopewa na rafiki aliyeko Dar es Salaam. Kuwa na subira, anza na samaki wachache, na usiongeze wengine mpaka vipimo vioneshe amonia na nitriti ziko sifuri.

Nunua kipimo cha matone, kile cha kupimia amonia na nitriti, kabla hujanunua mapambo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wananunua meli ya plastiki na mawe ya rangi, halafu wanakisia hali ya maji kwa macho. Kama kipimo bado hujakipata, watazame samaki alfajiri kabla ya kuwasha taa. Wakiwa wamejazana juu wanahema kwa midomo, mashavu yamekuwa mekundu, mapezi wameyabana mwilini, maji ni mabaya hata kama unaona mpaka ukuta wa nyuma. Weupe wa wiki za kwanza kwa kawaida ni bakteria wengine wanaokula mabaki. Punguza chakula, utaondoka wenyewe. Ukijani ni mwani, mara nyingi kwa sababu tangi liko dirishani. Rangi ya chai inayotoka kwenye kipande cha mti haina madhara.

Sasa matengenezo yenyewe. Simamisha chakula siku 1 au 2. Samaki mzima haumii kwa hilo. Toa robo hadi theluthi ya maji kwa mpira, na ncha yake uichomeke ndani ya changarawe. Utaona wingu la kahawia likipanda mpirani, kinyesi na chakula kilichooza, na hapo ndipo uchafu ulipo. Peleka mpira taratibu sehemu moja hadi nyingine, usivuruge tangi zima kwa mkupuo. Sponji uiminye kwenye ndoo ya maji hayohayo uliyoyatoa, mara mbili tatu, uirudishe ikiwa bado na rangi yake ya udongo. Kama amonia bado ipo, rudia kubadilisha maji kesho na keshokutwa, kidogokidogo. Tangi likishatulia, robo ya maji kwa wiki inatosha. Maji yaliyotoka mwagia mchicha, yana mbolea.

Maji mapya yatayarishwe jana yake. Yaache kwenye ndoo isiyofunikwa usiku kucha, na ukiweka pampu ya hewa humo klorini inatoka haraka zaidi. Ukiwa na haraka, tumia matone ya kuondoa klorini. Halafu joto: maji ya bomba ya hapa wakati wa kipupwe ni barafu tupu kwa samaki aliyezoea nyuzi 25. Changanya na ya moto ndani ya ndoo, upime kwa themometa. Mkono uliopoa unadanganya. Ya mvua nayo usijazie tangi zima, kwa sababu hayana madini karibu kabisa na hali ya maji inaweza kubadilika ghafla. Na ya mvua za kwanza yameosha vumbi la bati.

Jambo linalosahaulika ni mwinuko. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Ukipasha maji hadi nyuzi 25, yatabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya joto hilohilo pwani. Ndiyo maana tangi lililojaa samaki bila shida Tanga linaweza kuwa na msongamano hapa. Pampu ya hewa iwe inafanya kazi usiku na mchana.

Anayefuga mbuna wa Ziwa Nyasa awe makini zaidi. Samaki hawa wanapenda maji yenye alikali, pH (kipimo cha asidi na alikali) 7.7 hadi 8.6 hivi, na katika maji ya namna hiyo amonia ni kali zaidi. Kiasi ambacho samaki wa maji yenye asidi kidogo angekistahimili, mbuna anaweza kufa nacho. Usiwarundike kwenye tangi dogo.

Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika 2, mara moja kwa siku. Mkate na ugali hapana. Vinavimba, vinazama, vinaoza chini ya mawe. Waambie na watoto, na shangazi anayekuja kutembea, kwamba samaki anayekuja juu kila akimwona mtu si lazima ana njaa.

Umeme ukikatika, punguza hasara. Funika tangi kwa blanketi kulinda joto, ukiacha upenyo wa hewa juu, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu yaingize hewa. Chujio la aina iliyofunikwa pande zote likikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria wake wanakosa oksijeni na kuanza kufa. Kabla ya kuliwasha, lifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi. Siku 3 zinazofuata pima amonia kila asubuhi, na chakula ukipunguze kwa nusu.