Majina ya NIDA na NSSF hayafanani: anza na faili lako

Mkuu, umesema una vibarua saba ambao majina yao NIDA (kitambulisho cha taifa) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) yanapishana, na bosi anataka watolewe getini Ijumaa. Mzuie kwanza. Nimekaa dawati la utumishi kwa mkandarasi hapa Dodoma, na orodha kama hiyo ilishanitoa jasho.

Mimi nilibandika majina ubaoni, eti watu wajione. Kesho yake mafundi wawili hawakutokea. Mji huu haujasahau ripoti ya vyeti feki iliyokabidhiwa pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) Aprili 2017, ikiwataja watumishi wa umma 9,932. Ukitamka "uhakiki" mtu anafungasha. Mmoja nilimfuata hadi Chang'ombe. Hakuwa na kosa. Jina la ukoo wake la Kigogo linaanza na Chi-, shuleni wakaliandika Ki- ili lifanane na Kiswahili, nasi tukamsajili NSSF kwa cheti hicho cha shule. NIDA alikwenda na jina la babu yake kama lilivyo.

Toka siku ile naanza na faili langu. Naweka mezani fomu ya ajira, nakala ya kitambulisho na fomu ya NSSF, nasoma herufi kwa herufi. Kati ya kumi na mmoja wangu waliopishana majina, wanne tuliwaharibia sisi wenyewe: namba ya NIDA ina tarakimu 19 badala ya 20, au jina la kati limekaa mwisho. Hayo ni ya kwako kurekebisha, usimpotezee mtu siku ya kazi. Aliyebadili jina baada ya kuolewa alete cheti cha ndoa. Tahajia ikipishana, hati ya kiapo kwa wakili.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo ya kuikodolea macho. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku. Herufi ikipishana, ni karani. Miaka tisa ikipishana, kuna mtu aliamua. Na kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo mwisho wa safari tarehe ya kweli lazima ibainike.

Hata huyo usimtoe kienyeji. Sheria ya Ajira ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na ana siku 30 za kukupeleka CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Mwite peke yake, mlango umefungwa, mpe barua yenye muda wa kuleta nyaraka. Ila usimwite siku ya malipo, atadhani umemkata mshahara.