Si umri peke yake unaomaliza misuli ya wazee

Je, ni umri tu unaowamalizia wazee misuli? Hapana, si umri tu. Misuli huanza kupungua taratibu kwenye miaka ya 30 na kasi huongezeka baada ya 60, lakini kukaa bila kuitumia, kula protini kidogo na maradhi kama kisukari huharakisha mno. Kulala kitandani ndiko hatari kuliko watu wanavyodhani: siku 10 tu zaweza kumpunguzia mzee mwenye afya karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Nguvu hurudi, hata uzeeni sana. Utafiti wa Marekani wa 1990 uliwapa watu wa miaka 90 hivi mazoezi ya uzito kwa wiki 8, nguvu za miguu zikazidi mara mbili. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari kabla ya kuongeza protini.