Kijitabu cha kumbukumbu za Wenger: usikipeleke kwa mchapaji bado

Usikipeleke kwa mchapaji. Umeandika kwamba kijitabu chako cha kumbukumbu za Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal ya England, kimekamilika, kwamba masimulizi yote umeyapata kwa mzee mmoja aliyeishabikia Arsenal tangu enzi za Highbury, uwanja wake wa zamani, na ambaye "hakosei", na kwamba sasa unataka ushauri kuhusu picha ya jalada, ukubwa wa karatasi na namna ya kuanza utangulizi. Mimi pia nilikuwa na mzee wangu asiyekosea.

Mwaka 2018, Wenger alipoondoka baada ya karibu miaka 22, wenzangu wa tawi la mashabiki walinikabidhi kazi ya kuhariri kijitabu cha kumuaga. Nilimfuata mzee huyo kwa kuwa kila mtu aliniambia kwamba kichwa chake ni maktaba. Alinisimulia usiku wa tarehe 8 Mei 2002, Arsenal ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya England Old Trafford, nyumbani kwa Manchester United, kwa namna ambayo hata sasa nikiikumbuka nywele zinanisimama: Thierry Henry, mshambuliaji wa Arsenal, anaupokea mpira, anamtazama kipa, anautia wavuni, kisha anasimama kimya huku uwanja mzima umenyamaza. Nilipiga chapa maneno hayo machozi yakinilengalenga, nikayaweka ukurasa wa nne, nikaagiza nakala 300.

Mtu wa kwanza kupokea nakala aliufungua ukurasa huo akiwa bado amesimama mlangoni, akasoma, akaniuliza kwa upole: "Henry gani?"

Henry hakucheza mechi ile. Bao lilifungwa na mwenzake Sylvain Wiltord, baada ya kipa wa United, Fabien Barthez, kuupangua mkwaju wa Freddie Ljungberg wa Arsenal na mpira kumwangukia Wiltord miguuni. Mchezaji mwenzao Nwankwo Kanu alimruka Wiltord hewani, Wiltord alipokuwa akikimbia kushangilia, na picha hiyo ameiona kila shabiki wa Arsenal duniani isipokuwa, yaelekea, mhariri wa kijitabu chetu. Ukurasa wa saba nao ulidai kwamba timu ilimaliza msimu wa 2003/04 bila kufungwa katika mechi 49, ilhali msimu mmoja wa Ligi Kuu una mechi 38, nazo Arsenal ilishinda 26 na kutoka sare 12. Zile 49 zilianza mwishoni mwa msimu uliotangulia kwa mechi mbili, zikapita msimu mzima, zikaendelea kwa mechi tisa za msimu uliofuata, hadi United walipozikatiza Oktoba 2004. Hesabu hiyo angeweza kuifanya mtoto, lakini mimi sikuifanya, kwa sababu maktaba ilikuwa imekwisha kusema.

Hatukuwa na fedha za kuchapa upya. Kwa hiyo nilikaa siku mbili nikibandika vipande vya karatasi vyenye masahihisho, nakala moja baada ya nyingine. Gundi ikapenya hadi ukurasa wa tatu, ambako Wenger alikuwa akihangaika na zipu ya lile koti lake refu, ikamwachia doa kwenye paji la uso. Mtu mmoja alinisifu kwa ubunifu, akidhani nimekusudia kuonyesha jasho. Nilimshukuru.

Nilipomwendea mzee, nikitarajia walau aone haya, alinijibu: "Wiltord, Henry, wote si Wafaransa?" Sijasahau jibu hilo, na sina nia ya kulisahau. Mtu asiyekuwa na hakika angeweza kusema hana hakika. Huyu alinipa hadi mwelekeo wa macho ya mfungaji ambaye hakuwepo uwanjani.

Tangu hapo nina sharti moja: kumbukumbu yoyote isiyo na tarehe, mpinzani na matokeo, vikiwa vimelinganishwa na rekodi ya mechi, haiingii ukurasani, hata kama msimulizi analia. Mwache mzee wako aeleze alivyojisikia, maana hilo hakuna rekodi inayolijua kuliko yeye, ila usimwache akwambie nani alifunga. Wala usidhani kwamba kuhakiki kunapunguza utamu. Mzee wangu alinihakikishia kwamba siku ya kuagwa nyumbani, tarehe 6 Mei 2018, baada ya Burnley kufungwa 5-0, Wenger alipopewa kipaza sauti alianza kwa kuorodhesha mataji yake. Bahati nzuri hilo halikupata nafasi kijitabuni. Wenger alitanguliza salamu za kumtakia afya njema Alex Ferguson, kocha wa zamani wa Manchester United, aliyekuwa hospitalini, mtu aliyegombana naye kwa miaka mingi kuliko kocha mwingine yeyote. Ningelichapa orodha ya mataji, ningekuwa nimemnyang'anya Wenger tukio lililomwonyesha kuliko mataji yake yote, matatu ya ligi na saba ya Kombe la FA.

Kuhusu karatasi na jalada watakushauri wengine. Wewe leo hii mwulize mzee wako mechi ya kwanza kati ya zile 49 ilikuwa dhidi ya nani. Akijibu Southampton, 6-1, Mei 2003, na akakumbuka kwamba Pirès na Pennant wa Arsenal walifunga matatu kila mmoja, nijulishe, maana nina nakala nyingine 40 ambazo bado hazijabandikwa na ningependa azipitie.